Moto Usiokula Kuni

Lotika amekufa, na hata kabla sijamaliza kusikitika nilishaanza kumwonea wivu. Nasema hivyo wazi kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kujipamba. Binti yake Béatrice alinipigia simu asubuhi nikiwa nakunywa chai, akaniambia papa ametuacha, akalia, kisha akaniomba kitu kimoja: nije kwenye matanga nimpigie baba yake lokole, kwa kuwa mjini Kisangani hajabaki mwingine anayejua. Watu wa mtoni hawana haja ya kuelezwa lokole ni nini. Wengine nitawaambia kwamba ni gogo la mti mgumu lililochimbwa tumbo, lenye mdomo mwembamba juu. Upande mmoja wa mdomo huo unatoa sauti nene, upande wa pili sauti nyembamba, na kwa sauti hizo mbili wazee wetu walizungumza kutoka kijiji hadi kijiji mto mzima. Nilimkubalia Béatrice. Nilipoweka simu mezani, wazo la kwanza lililonijia halikuwa la sala. Nilijiuliza: yeye amenipata mimi wa kumpigia, je, mimi nitampata nani?

Ya wazazi wangu na kijiji changu nayaacha. Ninaoutaka ni mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya hamsini, bwawa la umeme kwenye mto Tshopo lilipokuwa likimalizwa, Wazungu wakiuita mji Stanleyville na sisi tukiuita Kisangani kama leo. Lotika na mimi tulikuwa vijana wenye mshahara. Tulipanga chumba kimoja kwa Mama Aziza, mjane wa Kiislamu kutoka Maniema, ambaye uani kwake hapakukosa moto wala maneno. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, sanduku la bati tulilolitumia kama meza, na kioo kidogo cha Lotika kilichotundikwa msumarini. Kioo kilikuwa chake, na nywele zilizotazamwa humo zilikuwa nzuri zaidi zikiwa zake. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la Mgiriki mmoja katikati ya mji, nikiuza taa, tochi, sahani za gramafoni na chupa za umeme, yaani balbu, zilizofungwa moja moja ndani ya karatasi laini. Yeye alikuwa posta, chumba cha telegramu, na alirudi jioni vidole bado vikigonga vyenyewe juu ya goti. Tulisoma darasa moja kwa mapadri. Kifaransa chake kilinishinda kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichoniuma, maana angenishinda sana ningetulia.

Kitu pekee nilichoamini ni changu kilikuwa lokole. Jumapili tulikuwa tukienda wote wawili kwa Papa Itindi, mpigaji mkuu wa upande wetu wa mto, mzee mfupi wa mabega mapana ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Kibanda chake cha lokole kilikuwa ukingoni, na hapo alitufundisha majina. Sauti mbili hazitoshi kwa neno fupi, kwa sababu maneno kumi yanaweza kupanda na kushuka kwa namna ileile. Kwa hiyo kila kitu kwenye lokole kina jina refu lenye mkia. Ndizi haiwi ndizi tu, inakuwa ndizi ya mkungu unaoegemezwa mti. Vitu vya kigeni navyo vilipokuja, wazee walivitungia mikia yake. Meli ya moshi ilikuwa nyumba ya mtoni inayokula kuni bila kushiba. Ndege ilikuwa mtumbwi wa juu usiolowa. Baiskeli ilikuwa farasi mwembamba wa chuma asiyeomba majani, ingawa hakuna hata mmoja kati ya waliolipiga jina hilo aliyewahi kumwona farasi nje ya picha za misheni. Niliyapenda majina hayo kuliko kitu chochote dukani kwa Mgiriki, na usiku nililala nikiyapanga kichwani.

Kulikuwa na desturi moja, na ndiyo kiini cha habari hii. Jina jipya halikuwa jina mpaka ng'ambo iitike. Mpigaji alilipiga upande wake alfajiri, mto ukiwa umetulia, kisha akasubiri. Mpigaji wa ng'ambo akilirudia neno kwa neno, jina limezaliwa, na kutoka kwake linashuka mto kijiji baada ya kijiji. Akinyamaza, jina limekufa na halipigwi tena. Hakuna aliyebishana, hakuna aliyeomba kusikilizwa mara ya pili. Mpigaji wa ng'ambo yetu alikaa katika kijiji kilicho chini kidogo ya Lubunga, na katika miaka yote ya kujifunza kwangu sikuwahi kumwona uso.

Basi siku moja msimamizi wa kazi za umeme, Mkongo mwenzetu mwenye kofia ya chuma, alikuja kwa Papa Itindi na tatizo. Nguzo zilikuwa zimesimamishwa kandokando ya njia, nyuzi zimevutwa, na watu walikuwa wakizikata nyuzi hizo kwa ajili ya bangili na mitego. Mpaka hapo hasara ilikuwa ya kampuni peke yake. Lakini muda si mrefu mitambo ya Tshopo ingefunguliwa, na atakayeikata waya siku hiyo hatasimulia. Vibao vya hatari vilikuwepo, vyenye fuvu na maneno ya Kifaransa, ila waliovielewa hawakuwa wanaokata nyuzi. Alitaka lokole iwaonye watu wa pande zote mbili, maana wanawake wa ng'ambo nao walivuka kila siku na mitumbwi yao ya mihogo na kupita chini ya nyaya hizo. Papa Itindi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema lokole haina jina la kitu hicho. Mjini tulikuwa tukisema lotiliki, au kura kama mafundi, yote tuliyoyaokota kwenye Kifaransa, lakini hayo ni maneno ya mdomoni, huwezi kuyapiga juu ya mti.

Msimamizi alipoondoka, mzee alitugeukia. Alisema macho yake yanamwacha na kwamba kabla ya mvua kubwa atarudi kijijini kwake. Kila mmoja wetu atunge jina la kitu hicho. Ambaye jina lake litaitikiwa atabaki na lokole ile, na kibanda, na kazi ya kuita upande wote huu wa mto. Lotika alicheka kwa furaha, akanipiga begani. Mimi sikucheka. Lokole ile niliitaka kiasi cha kukosa hamu ya chakula, na kwa Mama Aziza hilo lilikuwa jambo la kuonekana na watu wote.

Tulitunga katika chumba kimoja, migongo tumepeana. Lotika aligonga kijiko kwenye chuma cha kitanda, akanyamaza, akagonga tena, mara akaacha kabisa na kwenda uani kumsaidia Mama Aziza kutwanga ndizi zilizochemshwa za kufinyanga lituma. Nilimsikia akimwuliza yule mama kama huwa anaogopa akipita chini ya nyaya. Nilimwona ni mpumbavu, anapoteza muda. Mimi nilileta chupa ya umeme kutoka dukani kwa ruhusa ya Mgiriki, nikaiweka juu ya sanduku la bati, nikaitazama jioni nzima: ule uzi mwembamba ndani, ile shingo ya shaba. Niliyapima maneno, nikayakata, nikayaunga upya. Jioni moja nikiwa nimelala kitandani, nilimsikia Mama Aziza upande wa pili wa ukuta wa matete akimweleza jirani habari zetu. Fidèle, ndiye mimi, ni kijana mzuri, alisema, lakini anafikiria mpaka uso unazeeka. Yule mwingine anafikiria huku anacheka, na ndiye atakayeoa mapema. Jirani akacheka. Nilijifunika shuka mpaka kichwani ingawa joto lilikuwa la kuua. Leo nikiyakumbuka maneno yale bado yananichoma palepale, na Mama Aziza yuko kaburini siku nyingi.

Asubuhi ya kupiga, ukungu ulikuwa juu ya maji. Papa Itindi alinipa fimbo kwanza kwa kuwa nilimzidi Lotika miezi michache. Nilipiga wito, kisha nikapiga jina langu: moto usiokula kuni, unaokaa ndani ya chupa. Nilijua ni zuri. Lilikuwa na mwendo, lilipanda mahali pake na kushuka mahali pake, na hata leo nikilipiga kwa vidole mezani halina kasoro. Nilisubiri. Jogoo waliwika ng'ambo, mtu alikohoa ndani ya mtumbwi usioonekana, maji yalipita. Papa Itindi alikaa ameinamisha kichwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani kwa kunihurumia, halafu akanyoosha mkono nimrudishie fimbo. Lotika akashika zamu yake. Maji ya Tshopo yaliyopanda miti, yanaua bila kulowesha. Sauti ya mwisho ilikuwa haijafika katikati ya mto, nakwambia, ng'ambo ikaitika. Ilirudia jina zima bila kusita, kisha tukasikia kijiji kinachofuata kikilipokea, kisha kingine, mpaka likawa mwangwi mdogo tu wa sauti huko chini. Lotika alisimama mdomo wazi. Mimi nilitabasamu kwa sababu kulikuwa na watu.

Nilipopata nafasi nilimwuliza mzee kwa nini langu lilikataliwa. Sikuwa nalalamika, nilimwambia, nilitaka kujifunza tu. Hakudanganyika na sauti yangu.

"Lokole haiiti kitu yenye batu habajaona, mwana," alisema. "Kule ng'ambo chupa ya moto iko wapi? Bao banaona miti na nyuzi. Yule mupigaji angeonesha batu bake nini?"

Aliendelea kunifafanulia kwamba mpigaji hapokei jina ambalo hawezi kutoka nje na kulionyesha kwa kidole, na kwamba mimi nilikuwa nimekitaja kilichoko dukani kwangu. Alisema kweli. Nilikuwa nimewatungia wenye nyumba za matofali, na wao hawakuwa katika hatari yoyote. Kujua hivyo hakukunisaidia. Jioni ile Mama Aziza alipakua samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, aliyemchemsha na majani machachu ya ngai-ngai, na kwa kawaida kichwa kilikuwa changu, kwa sababu ndimi niliyekipenda na Lotika hakukijali. Kijiko chake kilizunguka juu ya sufuria, kikasita, kikashuka kwenye sahani ya mwenzangu.

"Bon, leo kichwa iko ya Lotika," alisema. "Jina yake imevuka mai."

Lotika alitaka kunipasia. Nikamwambia nimeshiba. Ni hapo, mbele ya macho meupe ya samaki yule, ndipo wivu uliponiingia kwa dhati na kukaa. Kabla ya hapo ulikuwa mgeni.

Miezi iliyofuata mji mzima ulikuwa ukinitonesha. Umeme ulifunguliwa, na waya hazikukatwa tena. Akina mama walipowaona watoto wao wakizichezea nguzo walipiga kelele, "Maji ya Tshopo!", na watoto walikimbia. Wachuuzi wa samaki walisema hivyo, walinzi walisema hivyo, mpaka kuna mteja aliyeingia dukani akaniomba chupa ya kuwekea maji ya Tshopo. Nilimfungia bidhaa yake kwa karatasi laini na kumshukuru. Papa Itindi aliondoka kabla ya mvua kubwa, na lokole ikabaki kwa Lotika, ambaye sasa aliamka gizani, akashuka ukingoni, akaita habari za vifo na za meli, kisha akarudi kuvaa shati jeupe la posta. Aliniomba mara nyingi tuende wote. Nilikuwa na kichwa kinauma, nilikuwa na hesabu za duka, nilikuwa na mguu. Hakuna siku niliyomfanyia ubaya, na hilo naliapia; nilikuwa namwonea wivu tu, kimyakimya, kutwa nzima, na wivu wa namna hiyo unachosha kama kazi ya mizigo.

Mwisho wa mwaka ule likatokea lile ambalo sikulielewa kwa maisha yangu yote. Kwetu, mwanamume akishakuwa mtu mzima hupewa jina lake la lokole, ambalo ataitwa nalo akiwa mbali na ambalo litapigwa siku ya kuzikwa kwake. Halipigwi na mtu wa nyumba yake. Hulipiga rika lake. Mtoa majina upande wetu sasa alikuwa Lotika. Alfajiri moja nilikuwa bado kitandani, dirisha likiwa wazi, nikasikia lokole ikiita, kisha ikasema: Fidèle, moto usiokula kuni, unaokaa ndani ya chupa. Nilikaa wima. Ng'ambo ikaitika mara moja, neno kwa neno, kwani jina la mtu halihitaji kuonyeshwa kwa kidole. Maneno yaleyale waliyoyanyamazia sasa yalikuwa yakishuka mto bila kizuizi, yakiwa yamebandikwa mgongoni kwangu. Lotika alirudi ana jasho na furaha, akanikuta navaa viatu.

"Ndeko, ndugu yangu, jina yako ilikuwa ya muzuri sana," alisema. "Sikutaka ipotee."

Nilimjibu asante. Ndani yangu nilisikia kicheko cha mto mzima. Niliamini amelichukua lililoshindwa na kunivisha ili kila nitakapoitwa nikumbuke nani alishinda, na kama hakukusudia hivyo, ilikuwa mbaya zaidi, kwani maana yake alikuwa na moyo mzuri pia, juu ya mengine yote. Mwezi uliofuata nilipata kazi Bunia nikahama. Tuliandikiana wakati wa sikukuu. Tulionana kwenye harusi na misiba, tukacheka, na kila mara nilimtazama nywele zake zilivyokuwa zikizidi kupendeza kwa mvi.

Kwenye matanga nilifika mchana. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na jenereta lilinguruma nyuma ya nyumba ili vipaza sauti viimbe nyimbo za kanisa. Mzee mmoja nisiyemfahamu alisema maji ya Tshopo yamelala tangu juzi, na vijana waliokuwa karibu naye hawakumwuliza anamaanisha nini. Hata hapo, mbele ya jeneza, niliona wivu. Béatrice aliomba jenereta lizimwe. Ni mama wa makamo, mfupi, ana vidole vya baba yake. Alinipeleka kwenye lokole iliyowekwa uani chini ya turubai, ileile ya Papa Itindi, mdomo umepasuka upande mmoja na kufungwa kwa waya wa shaba.

Nilimpiga Lotika vizuri. Nataka ijulikane. Sikukosea hata pigo moja. Nililipiga jina lake refu, na la baba yake, na kijiji cha mama yake, nikalirudia, kisha kwa mazoea nikanyamaza na kutega sikio upande wa mto. Zilisikika boti za injini na mtu akiuza vocha za simu. Ng'ambo hakuna tena anayejua. Nikafikiri: hata hivyo umepigwa, ndugu yangu, umepigwa na mtu anayejua kupiga, na mimi nitazikwa kimya. Machozi yalinitoka, na waombolezaji wakanishika mikono wakidhani namlilia yeye.

Watu walipokwenda kula, nilibaki nimekaa karibu na gogo. Béatrice alikuja na sahani ya lituma na samaki, akaiweka magotini kwangu. Kichwa kilikuwa juu. Akazitazama fimbo, akaniomba ruhusa, akasema anajua kwamba si kazi ya mwanamke na kwamba watu wasimwone. Kisha akapiga polepole, akiwa ameuma mdomo, bila kukosea mahali hata pamoja: Fidèle, moto usiokula kuni, unaokaa ndani ya chupa.

"Tonton, papa alinifundisha jina mbili tu, ya yeye na ya wewe," alisema. "Ya yeye, mimi siwezi kupiga, niko wa nyumba yake. Lakini alisema, siku Fidèle anakufa nani atamupigia? Ndiyo nikajifunza."

Nilimwomba alipige tena, akalipiga. Lilikuwa jina zuri. Nilikuwa sijalisikia kwa sauti ya mti tangu alfajiri ile. Nikakila kichwa cha samaki chote, mpaka macho, na nilipokuwa nakitafuna nilimwonea Lotika wivu wa mwisho na mkubwa kuliko yote, kwa kuwa katika miaka yote hiyo mimi sikuwahi kujiuliza ni nani atakayempigia yeye.